Manyoya Mapya kwa Mshale wa Mti: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Manyoya matatu ya mshale, ukiyaweka yote kwenye mizani, hayafiki gramu moja. Hata hivyo ndiyo yanayoamua kama mti utaruka umenyooka au utaenda upogo na kuigonga shabaha kwa ubavu. Mtu atatumia pesa nyingi kununua upinde mzuri, kisha atapiga mishale yenye manyoya yaliyobaki nusu na kulalamika kwamba upinde una kasoro. Upinde hauna kasoro.

Maelekezo haya ni ya mpigaji wa upinde wa jadi, ule usio na kapi wala kifaa cha kulengea, ambao mshale wake hupita juu ya kidole au juu ya ukingo mdogo uliochongwa ubavuni mwa mpini. Mwenye mishale ya kaboni yenye mabawa ya plastiki hayamhusu. Plastiki ikigusa upinde huugonga na kuusukuma mshale pembeni. Unyoya hukunjika, hupita, kisha husimama tena. Kwa hiyo unyoya uliochakaa usibadilishwe kwa plastiki eti kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani.

Mti kwanza

Usibandike unyoya mpya kwenye mti uliokufa. Asiyeweza kuitii amri hii hana haja ya kusoma zinazofuata. Unapoachia ugwe, nguvu yote huusukuma mshale kutoka nyuma huku kigumba chenye uzito kikisita mbele. Mti hupinda na kuuzunguka upinde kabla ya kunyooka. Mti wenye ufa hauwezi kuhimili kupinda huko. Hukatika palepale, na kipande cha nyuma, ambacho bado kinasukumwa na ugwe, huingia kwenye mkono ulioshika upinde. Jeraha hilo ni la hospitali, na vibanzi huchimbwa kimoja kimoja.

Pinda kila mshale, usichague. Shika mkono mmoja karibu na kigumba na mwingine karibu na pengo la ugwe, uso wako uuweke mbali, upinde mti sentimita mbili au tatu katikati, si zaidi. Uzungushe robo, upinde tena, mpaka umalize mzunguko. Sikiliza. Ukisikia "tik" hata mara moja, huna la kujadili na mshale huo.

Tazama kwa jicho la karibu nyuma ya kigumba, maana hapo ndipo mti huvunjika mara nyingi: chuma hakipindi, mti hupinda, na mpakani mwao ndipo mkazo ulipo. Tazama na pengo la ugwe. Pengo likipasuka wakati wa kuachia, ugwe hurudi bila kubeba kitu, na upinde uliopigwa mtupu unaweza kupasuka mikononi mwako. Ukishang'oa manyoya, rudia ukaguzi wote, kwa kuwa gundi ya zamani huficha nyufa nyembamba.

Usiuhifadhi mshale ulioshindwa "kwa ajili ya mazoezi". Mazoezi hutumia upinde uleule na mkono uleule. Uvunje vipande viwili mbele ya macho yako, chomoa kigumba, tia mti jikoni. Mshale mbovu unaoachwa mzima kwenye kona ya chumba lazima siku moja utarudi kwenye podo, na atakayeuchukua huenda akawa mtoto wako.

Ubingirishe mti uliosalimika juu ya kioo au meza iliyo sawa. Ukirukaruka, umepinda. Upashe joto la makaa au mvuke wa birika bila kuuunguza, uuvutie upande wa pili, ushikilie mpaka upoe. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huifanya kazi hii kwa moto na meno, wala hawahitaji meza. Lakini nyoosha sasa, kabla ya kubandika, kwa sababu joto linalonyoosha mti ndilo linalolegeza gundi.

Kisha soma mistari ya mti. Kwenye kitako cha mshale utaona mistari ya umri wa mti. Pengo la ugwe linapaswa kuikata mistari hiyo kama msalaba. Likiwa sambamba nayo, kila unapovuta ugwe unaingiza kabari kwenye njia ambayo mti wenyewe unataka kupasukia. Tena, mti wenye pengo lililokatwa msalaba huuelekezea upinde upande wake mkakamavu, na kundi la mishale iliyokatwa hivyo hupinda kwa namna moja. Michirizi inayochomoza mgongoni mwa mshale, yaani upande wa juu ukiwa umeuweka kwenye upinde, ncha zake zielekee kwenye kigumba, ili ukivunjika kipande kichomoze juu na kuuacha mkono. Kama mkia wa mshale una kofia ya plastiki na imegeuzwa vibaya, ing'oe na uipachike upya sasa. Baada ya manyoya kukaa utakuwa umechelewa.

Uliza kwa nini yamechakaa

Usiung'oe unyoya uliolala tu. Manyoya mengi yanayotupwa yamebanwa ndani ya podo au yamelowa na kukauka yakiwa yamejikunja. Chemsha maji, pitisha mkia wa mshale kwenye mvuke kwa sekunde chache, zungusha, toa, pitisha vidole kutoka mbele kwenda nyuma. Nyuzi za unyoya husimama zenyewe. Ukizidisha mvuke utaibandua gundi, na hapo utakuwa umejitafutia kazi uliyokuwa huihitaji.

Ng'oa pale nyuzi zilipokatika na kuacha mapengo, pale kimo kilipopungua kwa kusagika, pale kikonyo cha mbele kilipoinuka, au pale wadudu walipotafuna.

Na kabla ya kuweka mengine, tafuta chanzo. Kama unyoya mmoja tu ndio unaochakaa, na ni uleule kwenye kila mshale, tatizo haliko kwenye manyoya. Huenda mshale umewekwa chini mno kwenye ugwe, ukatoka huku unagonga ukingo. Kwa anayepiga juu ya ukingo wa mpini, mahali pa kuweka mshale huwa kama sentimita moja juu ya mstari unaokata ugwe kwa pembe mraba. Anza hapo, kisha rekebisha kidogo kidogo. Au mti ni mkakamavu kupita nguvu ya upinde, au ni laini mno, na kila mara unajipigiza ubavuni. Manyoya mapya juu ya mshale usiolingana na upinde ni kuwatajirisha wauza manyoya.

Chanzo kingine ni wewe mwenyewe pale kwenye shabaha. Mshale uliozama mpaka manyoya yakaingia ndani hauvutwi kurudi nyuma. Hiyo ni kumpapasa paka kinyume. Zunguka nyuma ya shabaha, uutoe kwa mbele, manyoya yafuate yalikolala.

Kung'oa

Usinyakue unyoya kwa mkono. Gundi nzuri hushika kuliko nyuzi za mti zinavyoshikana zenyewe, kwa hiyo ukivuta unaondoka na ukanda wa mti, na mshale unabaki na jeraha ambalo ulikuwa hauna.

Tumia kisu kisicho kikali sana, ukilaze karibu sambamba na mti, na ukwangue chini ya uti wa unyoya kwa mapigo mafupi, ukielekeza makali mbali na mwili wako. Ukiona mti unaanza kuinua makapi, acha, geuza mshale, kwangua kutoka upande wa pili. Mti wenyewe unakuonyesha unakotaka kukwanguliwa.

Usiuloweke mshale majini. Kama ulibandikwa kwa gundi ya zamani ya ngozi au mifupa, kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kuzungushwa mkiani kwa dakika chache kinatosha. Gundi hiyo hulainika yenyewe. Kwa gundi za kisasa maji hayafanyi kitu ila kuuvimbisha mti.

Usimwage asetoni kwenye mshale uliopakwa laka. Laka itayeyuka, itashuka na uchafu wote, na utalazimika kupaka mshale mzima upya. Spiriti nayo huila vanishi ya utomvu, ile wanayoipaka mafundi wa samani za zamani. Jaribu tone moja mahali pasipoonekana. Kama rangi imeshika kitambaa, rudi kwenye kisu na uvumilivu.

Piga msasa laini, namba 320, ule mkanda wa kubandikia tu, mpaka mng'ao uondoke. Hapo simama. Ukakamavu wa mti wa duara hufuata kipenyo kilichozidishwa mara nne kwa chenyewe. Kwa lugha ya karakana, mti wa milimita 9 ukiusugua ukabaki milimita 8.7 umepoteza zaidi ya asilimia 12 ya ukakamavu wa sehemu ile. Watu hufanya hivyo kila wanapobadilisha manyoya, mwaka baada ya mwaka, kisha wanashangaa mishale yao ya zamani imeanza kwenda pembeni.

Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Baada ya hapo usishike mkanda huo kwa vidole. Mafuta ya ngozi hayaonekani, lakini gundi huyaona.

Unyoya gani

Tumia manyoya ya bawa ya bata mzinga au ya bata bukini. Manyoya ya kifuani hayafai, ya mkiani ni laini, na ya bawa la kuku ni mafupi. Unayoyataka ni yale marefu, magumu, ya ncha ya bawa. Kila unyoya wa namna hiyo una ubavu mwembamba, uliokata upepo ndege alipokuwa anaruka, na ubavu mpana wa nyuma. Mwembamba hutupwa. Mpana ndio unaoenda kwenye mshale.

Uingereza ilijenga jeshi juu ya bata bukini. Mwaka 1418 Mfalme Henry V aliamuru masherifu wakusanye manyoya ya bata bukini zaidi ya milioni moja kwa ajili ya mishale yake, na Roger Ascham, aliyechapisha kitabu chake Toxophilus mwaka 1545, alimsifu bata huyohuyo kuliko ndege wote kwa kazi hii. Siku hizi viwanda vya Marekani vimehamia kwa bata mzinga kwa sababu rahisi: anafugwa kwa wingi, na bawa lake lina unyoya mrefu. Mfugaji wa Limuru au wa Arusha anayechinja bata mzinga wa Krismasi hutupa mabawa. Mwombe. Hatakudai kitu.

Usichanganye bawa la kulia na la kushoto kwenye mshale mmoja. Unyoya una mpindo wake wa kuzaliwa, na mpindo huo huuzungusha mshale hewani. Bawa la kulia huuzungusha upande mmoja, la kushoto upande mwingine. Ukiweka mawili ya kulia na moja la kushoto, umeajiri watu watatu na mmoja wao anavuta kamba kinyume. Iwe la kulia au la kushoto, chagua moja kwa mishale yako yote na ulishikilie. Mabishano ya lipi ni bora zaidi yafanyike kwa chai, si kwenye meza ya kazi.

Kuyatambua si kazi. Weka mkono wako mezani, kiganja chini, vidole vikielekea mbele. Laza unyoya pembeni yake, upande wa mgongo juu, ncha ikielekea mbele, kikonyo kikiwa kwako. Ubavu mwembamba ukiwa upande uleule wa kidole gumba cha mkono wa kushoto, unyoya ni wa bawa la kushoto. Ukilingana na gumba la kulia, ni wa kulia. Panga mafungu mawili kabla ya kukata chochote, kwa kuwa ubavu mwembamba ukishaondolewa kipimo hiki hakipo tena.

Pasua uti katikati kwa wembe mpya, kisha usugue sehemu ya chini kwenye msasa mpaka ibaki bapa, unene wa kama milimita moja. Hapa wengi hukosa subira. Uti usio sawa unagusa mti kwa vidonge vidonge, na gundi haiwezi kujaza uvivu.

Usiguse tumbusi wala tai. Najua wazee walitumia unyoya wa tumbusi, na najua kwamba ni mgumu na mrefu. Lakini tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell wamo tangu 2015 kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na wanaowamaliza ni watu wanaotia sumu mizoga. Kwa Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inauhesabu unyoya wa ndege wa porini kuwa nyara. Kauli ya "niliuokota tu" haitakusaidia kituoni. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na sheria yake ya 2013 haina mzaha na mwenye nyara. Na kama una ndugu Marekani anayetaka kukutumia unyoya wa tai kwa uzuri wake, mwambie aache: ndege wa kuhamahama wana sheria yao ya 1918, tai wana yao ya 1940, na kuwa na unyoya tu, bila kibali, ni kosa.

Mshale wa babu

Kuna mshale mmoja ambao hupaswi kuubadilisha manyoya kabisa. Ni ule uliourithi.

Mshale wa Kikamba, wa Wata, wa Kihadzabe au wa jamii nyingine yoyote uliotunzwa ukutani miaka hamsini si chombo tena cha kupigia. Manyoya yake, hata yakiwa yamebaki uti mtupu, na kano ya mnyama iliyoyafunga, ndiyo maandishi ya aliyeutengeneza: idadi ya mizunguko, mahali pa kuanzia, namna ya kumalizia. Ukikata kano hiyo uweke uzi wa dukani umefuta saini. Tumia brashi laini kuondoa vumbi, uning'inize mbali na jua na wadudu, basi.

Usishike kigumba chake wala kiungo kilicho nyuma yake kwa mikono mitupu, na usikisugue kwa msasa kamwe. Wawindaji wa Wata na wa Ukambani walitumia sumu iliyochemshwa kutoka kwenye miti ya Acokanthera, sumu inayosimamisha moyo, na Wata waliangushia tembo kwayo. Ikikauka juu ya mshale hubaki na nguvu kwa miaka mingi sana. Kitu cheusi kama lami, au kipande cha ngozi kilichoviringishwa nyuma ya chuma, si uchafu wa kusafisha. Weka mbali na watoto na uwaambie wa nyumbani kwa nini.

Kubandika

Acha nafasi ya sentimita mbili na nusu kati ya pengo la ugwe na mwisho wa nyuma wa unyoya, ili vidole visiuguse unapovuta.

Kikonyo mbele, ncha nyuma. Usicheke: mishale iliyobandikwa kinyume ipo. Nyuzi za unyoya lazima zilale kuelekea kwenye ugwe. Pitisha kidole kutoka kwenye kigumba kwenda nyuma, kikiteleza, ni sawa, kikikwama, umekosea.

Gawa mzingo wa mti sehemu tatu sawa, nyuzi 120 kila moja. Unyoya kiongozi, ambao uuchague wa rangi tofauti, ukae kwa pembe mraba na pengo la ugwe na uelekee mbali na upinde. Mawili yaliyobaki hupita juu na chini ya ubavu wa mpini. Kifaa cha kibanio kinachozungusha mshale kwa hesabu kinarahisisha kazi, lakini mkono uliozoea, pini tatu na alama za penseli vinatosha.

Uinamishe unyoya kidogo, nyuzi moja mpaka tatu, kufuata mpindo wake wa asili. Usiulazimishe kinyume cha mpindo huo. Na usizidishe: mshale unaozunguka kupita kiasi hula mwendo wake wenyewe.

Paka gundi kiasi cha uzi mwembamba, sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho wa uti. Gundi inayofurika pembeni hukauka kama meno na kukwaruza mkono. Supaglu inakubalika kwenye mti mtupu kwa mwenye mkono thabiti, ila haikupi nafasi ya pili. Gundi ya manyoya yenye kimiminika kikali ni bora, lakini ijaribu kwanza kwenye kipande kilichopakwa rangi ileile ya mshale wako. Baadhi ya rangi huvimba chini yake, na siku ya tatu unyoya unabanduka mzima ukiwa umebeba rangi. Wakati wa masika, kwa walio Tanga, Mombasa au Unguja, usiamini muda ulioandikwa kwenye chupa. Hewa yenye unyevu huchelewesha gundi hiyo ya kimiminika kikali. Acha usiku kucha.

Usibandike unyoya mmoja mpya kati ya mawili ya zamani. Ya zamani yamesagika, yana kimo pungufu na mvuto pungufu wa hewa. Mpya utauvuta mkia upande wake. Badilisha yote matatu. Ruhusa ipo moja tu: mshale bado mpya, unyoya mmoja umechanika kwa ajali, na unao mwingine wa fungu lilelile, bawa lilelile.

Sasa la muhimu kuliko yote ya kubandika, na linalopuuzwa na wanaojua. Funga ncha ya mbele ya kila unyoya.

Unapopiga juu ya kidole, ncha hiyo ya uti hupita juu ya ngozi yako kwa kasi ya mshale. Ikiinuka hata milimita moja haiwi tena unyoya, ni sindano. Huingia kwenye ngozi kati ya gumba na kidole cha shahada, hukatika, na hubaki ndani. Kwa hiyo: chonga ncha ya uti iwe mchongoko laini unaoshuka mpaka ukutane na mti. Weka tone la gundi juu yake. Kisha zungusha uzi wa hariri au kitani, mizunguko iliyobanana, kuanzia kwenye mti mtupu mbele ya manyoya mpaka uzifunike ncha zote tatu. Paka gundi nyembamba juu ya uzi. Ikikauka, pitisha ukucha kutoka mbele. Ukucha ukikwama, fumua, anza tena. Hata mshale unaopigwa juu ya ukingo uliofunikwa kwa ngozi ufungwe vivyo hivyo, maana siku moja utamwazima mtu anayepiga juu ya kidole.

Ukitaka kumalizia kwa namna ya zamani, endelea na uzi huohuo kurudi nyuma, ukiupitisha kati ya nyuzi za manyoya kwa nafasi ya kama nusu sentimita, ukizifungua kwa pini kila unapopita, mpaka ufike karibu na pengo la ugwe. Kazi hiyo ni ya jioni nzima. Meli ya Mary Rose, iliyozama karibu na Portsmouth mwaka 1545 na kuopolewa 1982, ilikuwa na maelfu ya mishale; manyoya yalikuwa yameoza, lakini kwenye mingi alama za uzi zilibaki zimechapwa ndani ya gundi, nta ya nyuki iliyochanganywa na shaba. Mafundi wale walifunga na walipaka, yote mawili. Hawakuiamini gundi peke yake, nawe usiiamini.

Kukata na kutunza

Kata umbo baada ya gundi kukauka, si kabla, kwa kutumia kipande cha kadibodi kama kigezo na mkasi mkali. Waya wa moto hukata vizuri zaidi lakini hunuka kuliko mtu anavyoweza kueleza. Fanyia nje, au uandae majibu ya jirani. Urefu wa sentimita 10 mpaka 13 unatosha kwa mshale wa mti. Mkubwa zaidi hunyoosha mshale haraka na kuuchosha haraka. Mdogo zaidi haumsamehe mwenye mkono mbaya.

Umbo, urefu na kimo viwe vilevile kwenye mishale yote ya fungu. Urembo wa kila mshale kuwa na umbo lake ni wa kuuzia watalii.

Usipake mafuta mazito kwenye manyoya ili yasilowe. Nyuzi zitagandamana na vumbi la uwanjani litapata makazi. Yakilowa, zungusha mshale kati ya viganja kwa nguvu, maji yaruke, kisha acha yakauke hewani.

Usiegemeze mishale ukutani. Ilaze, au ining'inize. Weka naftalini ndani ya sanduku la manyoya ya akiba na ulifunge vizuri, kwa kuwa nondo hawatofautishi kati ya sweta na bawa la bata mzinga.

Kabla ya kuirudisha kwenye podo

Piga kila mshale uliotengenezwa upya kwa umbali wa karibu, hatua kumi hivi, shabaha ikiwa kwenye kimo cha bega. Usiangalie kama umepata katikati. Angalia mkia: mshale ukiingia umelala upande au umeinua mkia, bado kuna mahali unapogusa. Pakaza chaki au poda kidogo kwenye ukingo wa mpini, piga tena, na alama itakuambia ni unyoya upi.

Andika namba ndogo kwa penseli kwenye kila mti. Baada ya kupiga mizunguko kadhaa, ule unaokwenda peke yake kila mara utaujua kwa namba yake. Usiulaumu upepo. Urudishe mezani, uupinde, usikilize tena.